Jalada la Mpiga Besi wa Shoto

9 Machi
Mvua imeanza, nami nimeanza kuandika. Mchora vibao hana kazi mvua ikinyesha: rangi haikauki, herufi zinachuruzika, na mwenye saluni anakuja kulalamika kwamba kibao chake kinalia machozi. Kila msimu kama huu hukaa mlangoni mwa karakana yangu nikigombana na wapita njia. Mwaka huu nimeona bora nigombane na karatasi, yenyewe haijibu.

Tumehamia kwa mama mkwe. Macho yake yamefifia, anaona mwanga na vivuli tu, na mume wangu ni mtoto wake wa pekee, kwa hiyo hapakuwa na mjadala. Nyumba ni ya ghorofa, ya zamani, na ngazi za mbao zinapanda katikati. Tumepewa chumba alicholala mume wangu alipokuwa mtoto. Kitanda nacho ni kilekile.

10 Machi
Leo mama amenifundisha kufagia. Nina miaka arobaini na mbili.

12 Machi
Mvua. Saluni bado inalia.

14 Machi
Amekuja mteja karakana, mzee mrefu, mkavu, koti limelowa chapachapa, lakini mfuko wa plastiki aliokumbatia kifuani haujaguswa na tone. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi bila kukaribishwa.

"Mimi ni Shoto," akasema, kama mtu anayetarajia usimame.

Sikusimama. Ikabidi ajieleze. Zamani alipiga besi katika bendi ya jazi, si gitaa la besi, bali lile besi kubwa la mbao linalosimama kama kabati. Bendi ilirekodi sahani moja tu ya santuri, na sasa kuna studio inataka kuitoa upya. Nyimbo zimepatikana. Lililokosekana ni jalada. Nakala iliyopo ni yake, nayo imeliwa na mende kwenye pembe na kuota ukungu katikati.

Akaitoa mfukoni taratibu, kama anamtoa mtoto kwenye beseni. Picha nyeusi kwenye karatasi iliyogeuka rangi ya chai. Mwanamume amesimama na besi chini ya ngazi, kichwa kakiinamisha, mkono wa kulia umeshika shingo ya besi na wa kushoto unachuna nyuzi. Nyuma yake ngazi zinapanda, juu kuna dirisha la duara, na mwanga unateremka kipandio kwa kipandio mpaka begani kwake.

"Studio wanataka uichore upya, kubwa, safi, waipige picha," akasema. "Mimi nina langu dogo. Nataka kujua ni nani aliyeichora."

"Hamkumjua?"

"Aliyeturekodi ndiye aliyeileta. Kila nikimwuliza ananiambia amekula kiapo. Akafa nacho. Nimekula chumvi nyingi, binti, lakini sitaki kuondoka na hilo. Wewe unajua mikono ya watu. Ukiifuatisha mistari yake, huenda ukamwona."

Nikamwambia mimi si polisi. Akasema polisi alishawajaribu, wakamcheka.

17 Machi
Nimeanza. Karatasi nyepesi inayopitisha mwanga juu ya jalada, penseli ngumu, na subira. Mimi subira sina, ila kwa kazi.

Huu si mchoro wa kalamu. Umechongwa, kama muhuri, ukapakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi. Aliyechonga hakufundishwa. Kisu chake kilikuwa kizito, pengine cha mshona viatu, na mahali pengine kimeteleza, naye badala ya kutupa kazi ameligeuza kosa kuwa kivuli. Lakini mwanga wa zile ngazi! Nimechora vibao maisha yangu yote na sijawahi kuuteremsha mwanga hivyo. Nimemwonea wivu mtu nisiyemjua.

19 Machi
Mume wangu ni fundi umeme, na hawezi kuunganisha waya bila muziki. Studio walinitumia wimbo mmoja kwenye simu, naye akaufungulia sebuleni. Mama alikuwa anachambua mchele kwa vidole.

"Zima," akasema.

"Mama, ni jazi ya zamani tu."

"Nimesema zima! Huo muziki hauingii kwangu."

Sijawahi kumsikia akipaza sauti. Hunichoma kwa sauti ya chini siku zote. Mume wangu akanong'ona kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu yeye mdogo: redio ikipiga jazi, mama anafunga madirisha. Nikasema moyoni, mtu asiyependa hata muziki nitampendezaje mimi?

21 Machi
Chumvi ilizidi. Kesho yake ilipungua. Nimeambiwa yote mawili.

24 Machi
Dada wa studio amepiga simu. Anaongea haraka kama anakimbilia basi. Ameona picha za zamani za bendi, na mzee ndani yake ameshika besi kama watu wote: kushoto shingoni, kulia kwenye nyuzi. "Kwa hiyo jalada lilitoka kinyume. Ukichora, igeuze ikae sawa. Watu wa siku hizi wataona kosa kabla hawajasikia wimbo."

Shoto alipokuja kuchungulia nikamwambia. Akaruka.

"Usiiguse! Iache kama ilivyo!"

"Basi niambie, mzee. Wewe ni wa kushoto au wa kulia?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Unaniuliza wa siku hizi au wa zamani?" Kisha akaomba chai, na neno lingine sikulipata.

27 Machi
Mvua. Mstari wa mwisho nimeumaliza leo.

30 Machi
Niandike hatua kwa hatua, nisijichanganye.

Ili kuhamisha mchoro kwenye ubao, unaigeuza karatasi, unasugua unga wa mkaa mgongoni, halafu unairudisha uso juu na kupita tena na penseli. Mkaa ndio unaobaki ubaoni. Nimefanya hivyo mara zisizo na idadi. Ukiigeuza karatasi mchoro unaonekana kinyume, lakini nani hujali mgongo wa karatasi? Unasugua tu.

Leo karakana inavuja, nikabeba kazi nyumbani. Nikaitandaza kwenye meza ya sebuleni, nikaigeuza karatasi, nikaushika mkaa. Na sikusugua.

Ngazi zilizokuwa zinapandia kushoto sasa zinapandia kulia. Chini yake kuna mlango mdogo wa stoo. Kwenye ukingo wa ngazi nguzo moja imekosekana, ya pili kutoka chini. Juu, dirisha la duara. Niliinua macho, na mbele yangu zilikuwepo: ngazi, stoo, pengo la ile nguzo ambamo goti langu huzama kila siku nikipandisha ndoo, na dirisha la duara likiingiza mwanga hafifu wa mvua. Nimeifuatisha nyumba hii majuma mawili bila kuijua, kwa sababu ilikuwa kinyume. Aliyechonga hakujua kwamba muhuri hugeuza picha. Alichonga alichokiona kama alivyokiona, na karatasi ikampa upande mwingine.

Kuna mtu aliketi humu ndani akachonga jalada lile. Mume wangu hakuwa amezaliwa. Marehemu baba mkwe alikuwa fundi redio, na kila mtu anasema hakuweza kuchora hata kuku.

Ulimi wangu hauna mfupa. Tulipoketi kula nikauliza, mbele ya mume wangu, "Mama, nani humu alikuwa anachonga picha?"

Kijiko chake kikasimama. "Kuchonga nini?"

"Mpiga besi. Chini ya ngazi zetu. Kwenye jalada la santuri."

Akanyanyuka, akapapasa ukingo wa ngazi, akapanda bila goti lake kuingia kwenye lile pengo. Mlango wake ukafungwa taratibu. Mume wangu akaniangalia kama nimevunja sahani za harusi.

31 Machi
Kimya.

1 Aprili
Kimya. Hata chumvi haikusemwa.

3 Aprili
Kimya kingi kina mshindo, wanasema. Nausubiri. Nimegundua kwamba nakosa kukosolewa, jambo ambalo sitamwambia mtu.

6 Aprili
Mshindo umekuja, tena kwa sauti ya chini.

Mume wangu alikuwa kazini. Nilikuwa nadeki ngazi, na mama akateremka akaketi kipandio cha kati, akinizuia kupita.

"Deki baadaye," akasema. "Kaa."

Nikakaa kipandio cha chini yake. Mvua ilikuwa inapiga bati la jirani, ikabidi nisogee.

"Nilikuwa bibi harusi mpya," akaanza. "Ng'ambo ya barabara, pale penye duka la matairi, palikuwa na ghala. Bendi ilifanyia mazoezi humo. Mimi ni mke wa mtu, siwezi kwenda kusimama kwenye ghala la wanaume. Basi nilikaa hapa, kipandio hikihiki, mlango nimeuacha wazi kidogo. Nilimwona yule mrefu kupitia dirisha lao. Kila alipopiga, hizi mbao zilitetemeka chini yangu. Nilitamani aje apigie humu. Nikamleta."

"Kwa kisu."

"Cha mshona viatu, nilikiazima. Na kipande cha zulia la mpira kilichobaki walipotandika jikoni. Wino ulikuwa wa mihuri ya mume wangu. Nikabandika picha nyuma ya mlango wa jikoni, nione nikipika. Rafiki yake mwenye mashine ya kurekodi akaiona, akaitaka. Mume wangu hakuwa mtu mbaya. Alisema, chukua, ila jina la mke wangu lisionekane kwenye mambo ya dansi. Akamwapisha."

Nikamwuliza kama aliumia jina lake kufichwa.

"Hilo? Hapana. Nilifurahi nusura nipasuke. Iliyoniumiza ni siku sahani zilipokuja." Akashika ukingo wa ngazi. "Nilisimama dirishani. Walifungua boksi pale mlangoni mwa ghala. Yule mrefu akaishika, akaiangalia, akaangua kicheko. Walicheka wote, wakashikana mabega. Akapiga kelele, 'Jamani, mimi ni shoto! Aliyechora huyu alikuwa amelewa?' Nikafunga dirisha. Ndipo nikakitoa kile kipande cha zulia, nikakilinganisha na picha, nikaona nimewageuzia kila kitu. Mjinga wa watu, nimechonga bila hata kujua muhuri unafanya nini. Kisu nikakirudisha kwa mwenyewe."

"Hukuchonga tena?"

"Nichonge nini tena nichekwe?"

Nilitaka kumshika mkono, lakini hatujazoeana hivyo. Nikalishika dekio. Mama huyu nimemwona mchungu kwa miaka kumi na moja ya ndoa yangu, kumbe alikuwa na haya, na mimi nilishindwa kutofautisha. Nimesikitika sana, na nimejikasirikia zaidi.

Alipokuwa anapanda akageuka. "Wewe ndiye unayeichora upya?"

"Ndiye mimi, mama."

"Basi inyooshe. Mrudishie yule mtu mkono wake. Wasinicheke mara mbili."

9 Aprili
Studio wanataka inyooshwe. Mwenyewe aliyeichonga anataka inyooshwe. Shoto peke yake hataki, na hataki kusema kwa nini. Karatasi ninayo, upande huu na upande huu, na ubao mtupu.

11 Aprili
Dada wa studio: "Tunasubiri wewe tu."

15 Aprili
Nimepanga kuinyoosha. Mama akiniambia kitu kimoja maishani bila kunikosoa, nimtimizie.

16 Aprili
Sijainyoosha. Kila nikiigeuza naona ngazi tu, picha siioni. Iliyo kinyume ndiyo iliyonitia wivu.

20 Aprili
Nilikwenda kwa Shoto. Anaishi chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha uchapaji, na besi limechukua nusu ya chumba. Yeye na kitanda wanagawana iliyobaki. Nikamwambia nimempata mtu wake, kwamba yu hai, kwamba ni mama mkwe wangu, na kwamba siku sahani zilipofika alimsikia akicheka.

Nilidhani atafurahi. Alikaa kitandani polepole akafunika uso.

"Alikuwa dirishani?"

"Alikuwa dirishani."

"Ee, jamani." Akarudia mara kadhaa. "Nipeleke."

"Hatakubali."

"Mwombe. Mwambie nikifukuzwa mlangoni nitaondoka, sitapiga kelele."

23 Aprili
Nimemwomba mama. Jibu lake: "Mtu akija kwenye nyumba ya watu hafukuzwi." Kisha akaniambia nguo nilizoanika zitanuka ukungu. Nimelichukua kuwa ndiyo.

24 Aprili
Nguo zimenuka ukungu.

27 Aprili
Amekuja. Koti amelipiga pasi. Mvua ilikuwa manyunyu tu. Alisimama mlangoni, akazitazama ngazi, akalitazama dirisha la duara, na akashindwa kuvua viatu. Mume wangu ikabidi amshike kiwiko.

"Miaka yote hii," akasema, "nimekuwa nikisimama humu."

Mama alikuwa kwenye kiti chake, kilemba kipya kichwani, mgongo umenyooka. Wakasalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni. Nikaleta chai. Hakuna aliyeigusa.

"Ulinicheka," mama akasema.

"Nilikucheka," mzee akasema. "Sikujua kama ni wewe, lakini nilicheka. Sikatai."

"Ulisema nimelewa."

"Nilisema. Naomba radhi, bibi. Lakini umesikia mwanzo tu, ukafunga dirisha. Ungeliacha wazi juma moja ungesikia na yaliyofuata."

"Yepi?"

Akasogeza kiti. "Tukaanza kuzunguka na ile sahani. Mji wa kwanza tu, napanda jukwaani, nalishika besi langu kama siku zote. Watu wakaanza kuzomea. Kwa nini? Wanasema, huyu si yeye! Tumeona picha, wa kwenye picha ni shoto, mmetuletea wa bandia! Mji wa pili vilevile. Wa tatu nusura wavunje viti. Kiongozi wetu akaniita pembeni. Akasema, bwana, picha haibadiliki. Badilika wewe."

Mume wangu akaanza kucheka, akaziba mdomo.

"Cheka, mwanangu, wenzako walicheka. Nikageuza nyuzi, nikageuza kila kitu, nikaanza upya kama mtoto anayejifunza kula. Mke wangu alihamia kwa dada yake kwa ajili ya kelele. Na nilipoweza, nikakuta jambo ambalo sikulitegemea. Mkono wangu wa zamani ulikuwa na maringo, bibi. Unakimbia, unajionyesha. Huu mwingine una adabu. Unasikiliza kwanza. Watu wanaosema nilikuwa mpiga besi mzuri, wanamsema huyu uliyemchonga wewe. Yule wa kwanza hakuna anayemkumbuka, hata mimi."

Uso wa mama haukubadilika, na nikafikiri hajamwamini. Nadhani naye mzee alifikiri hivyo, kwa sababu aliinuka, akapiga goti mbele ya kiti, kwa shida, mume wangu akimtegemeza.

"Macho yako yamechoka, nimeambiwa. Basi shika. Mkono unaokandamiza nyuzi ndio unaoota sugu. Huu ni wa kushoto."

Mama akavipapasa vidole vya kushoto, ncha moja moja. Vilikuwa laini kama vya karani.

"Na huu wa kulia."

Akavipapasa. Nilikuwa karibu, niliviona: ncha zote ngumu, zimetoka kama kwato ndogo, ngozi ya maisha mazima. Mama alifika kwenye kidole cha mwisho akarudia cha kwanza. Akarudia tena.

"Vyote?" akauliza.

"Vyote."

"Mimi ndiye niliyekufanya hivi?"

"Wewe ndiye."

Hapo mama akacheka. Sikujua kwamba ana kicheko, tena kikubwa, cha kutoka tumboni, na machozi yalikuwa yanamtoka humohumo wala hakuyafuta. Mzee naye akashindwa kunyanyuka kwa kucheka, akabaki pale sakafuni. Chai ilipoa yote. Mume wangu alijifanya anakwenda kuangalia swichi.

28 Aprili
Mama, akiwa anachambua mchele: "Usiinyooshe."

30 Aprili
Nimehamisha mchoro kwenye ubao, kama ulivyo. Dada wa studio alipinga. Nikamwambia aje abishane na mwenye kazi, nikampa anwani. Alikuja. Alitoka ameambiwa viatu vyake vina sauti ya mtu asiye na subira, na ameafiki kila kitu.

1 Mei
Shoto amekuja tena, bila sababu. Mama amemwambia koti lake linanuka mvua.

4 Mei
Kazi imekwisha. Imebaki pembe ya chini, mahali pa jina. Studio wameniambia niliandike mimi mwenyewe kwa mkono, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Nimekwisha kuandika majina ya watu wangapi juu ya maduka yao? Nikachanganya rangi, nikachagua brashi nyembamba, nikajongea ubaoni, na brashi ikabaki hewani.

Sikulijua.

Mimi humwita mama. Mume wangu humwita mama. Majirani humwita kwa jina la mume wangu, mama fulani. Hospitali nimempeleka mara mbili, nao humwita mke wa fundi redio, kama alivyoandikishwa zamani. Huenda nilisikia jina lake siku ya ndoa yangu, likanipita na shangwe. Miaka kumi na moja, na nimeijua mistari ya mkono wake kabla ya jina lake.

Nilikwenda nyumbani brashi bado iko mkononi. Nikamkuta ngazini, kipandio kilekile, mlango ameuacha wazi kidogo.

"Mama, samahani. Jina lako ni nani?"

Alidhani natania. Nilipomwambia ni la kuandika kwenye jalada akaelewa, akafikiri kidogo, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mbali. Kisha akalitamka. Jina lake na la baba yake.

Nikamwomba alirudie. Akalirudia, safari hii kwa sauti ya juu, mlango ukiwa wazi.

Nilirudi karakana nikaliandika, herufi wima, nyeusi, bila mapambo. Hapa silitaji. Liko kwenye jalada, anayelitaka akalisome huko.